Taifa Letu Lilivyojengwa



Babu wa babu zetu hawakujiita Watanzania. Walikuwa Wazaramo, Wamanyema au Wadigo. Jina Tanganyika walilitoa Waingereza mwaka 1920. Utaifa ulijengwa na watu. Chama cha African Association kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Kleist Sykes, ambaye baba yake alitoka Msumbiji. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Bibi Titi Mohamed akawahamasisha akina mama kwa Kiswahili. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, Muungano 26 Aprili 1964.

Basi hapa Sinza usimbague mwenzako kwa kabila lake. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inatufundisha kuwa makabila ni ya kujuana.

Zoezi: Muulize mzee wa nyumbani, alianza lini kujiona Mtanzania?