Kipengele cha Bima Kwenye Mkataba wa Fremu: Kisome Hivi Kabla Hujasaini

Mikataba mingi ya fremu za Kariakoo ina sentensi inayosomeka takriban hivi: "Mpangaji atakata bima ya kutosha dhidi ya hatari zote, na atawajibika kwa hasara yoyote itakayotokea ndani ya eneo la pango." Mara nyingi imewekwa kurasa za mwisho, baada ya kodi, umeme na usafi, wakati macho yameshachoka na dalali anakuharakisha kwa kuwa kuna mtu mwingine anaitaka fremu hiyohiyo. Mimi nauza vitambaa, na wenzangu wa kikoba wamezoea kuniletea mikataba yao niipitie kabla hawajaisaini. Sentensi hiyo ndiyo ninayoanza nayo, hata kabla ya kodi. Kodi unaijua mapema na unajipanga nayo. Deni la sentensi hii huja siku ambayo duka limeshaungua.

Tuanze na "bima ya kutosha". Inatosha kwa nani, na kwa shilingi ngapi? Hapajaandikwa kiasi, kwa hiyo siku ya ugomvi kila upande utakuwa na kiasi chake. "Hatari zote" nayo ni ahadi ambayo karibu hakuna mwenye duka anayeweza kuitimiza. Bima ya moto ya kawaida inahusu moto, radi na milipuko ya aina fulani. Mafuriko, mabomba kupasuka, vurugu na uharibifu wa makusudi huongezwa kimoja kimoja, na kila nyongeza ina ada yake. Wizi ni bima nyingine kabisa, na kwa kawaida unalipwa tu kama mwizi amevunja na alama za kuvunja zinaonekana. Ukisaini "hatari zote" halafu ukakata bima ya moto peke yake, umeshavunja mkataba kabla hujafungua hata boksi moja.

Kwa hiyo omba sentensi ivunjwevunjwe, bima zitajwe kwa majina. Bima ya moto, na nyongeza zake ziorodheshwe. Bima ya wizi wa kuvunja. Bima ya dhima kwa umma, yaani ile inayomlipa mteja aliyeangukiwa na majora ya kitambaa au jirani ambaye mzigo wake umelowa kwa sababu yako. Hiyo ya mwisho iandikwe kiasi, na iandikwe kama kiasi hicho ni kwa kila tukio au kwa mwaka mzima. Tofauti ni kubwa: kiasi cha mwaka mzima kikishaliwa na ajali ya Machi, ya Septemba utailipa kutoka mfukoni.

Kama una wafanyakazi, mkataba unaweza kudai pia bima yao. Tanzania Bara kila mwajiri anatakiwa kisheria kujisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara. Uliza kama cheti cha WCF kinamtosha mwenye nyumba kabla hujanunua bima nyingine juu yake.

Sasa ile nusu ya pili, "atawajibika kwa hasara yoyote". Hapa naomba usome polepole. Bima za dhima huwa na kifungu kinachosema kampuni haitalipa wajibu uliojitwisha kwa mkataba, kama bila mkataba huo sheria isingekubana. Maana yake, ukikubali kubeba hata hasara iliyoletwa na nyaya chakavu za mwenye nyumba, umeubeba mzigo huo wewe mwenyewe, na kampuni ya bima haimo. Ada unalipa, cheti unacho, na bado uko peke yako. Maneno ninayoyapendekeza ni mafupi: "hasara itakayosababishwa na uzembe wa mpangaji au watu wake". Nimeona wenye nyumba wakiyakubali bila ubishi walipoelezwa kwamba wajibu usio na bima nyuma yake hauwapi fedha yoyote, maana mpangaji aliyeunguliwa hana cha kulipa.

Jengo lenyewe ni la mwenye nyumba kulikatia bima. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ya 2022 iliongeza kwenye Sheria ya Bima sharti la masoko ya umma na majengo ya biashara kuwa na bima. Kwa hiyo kumwomba mwenye nyumba nakala ya bima ya jengo si utovu wa adabu. Omba, na uhakikishe haijaisha muda. Lakini bima hiyo inalinda kuta, paa na ngazi, haigusi mzigo wako. Wapangaji wengi hulipia sehemu ya ada yake ndani ya gharama za huduma za jengo na wakaamini kwamba na wao wamo. Hawamo.

Tena wanaweza kudaiwa. Moto ukianzia dukani kwako kwa uzembe, kampuni ya bima itamlipa mwenye nyumba, kisha itachukua nafasi yake kisheria na kukudai wewe fedha hizo. Dawa yake iwekwe sehemu mbili. Kwenye mkataba wa pango, mwenye nyumba akubali kwamba yeye na kampuni yake ya bima hawatamdai mpangaji hasara iliyokwisha kulipwa na bima. Kwenye bima ya jengo, kampuni iandike nyongeza ya kukubali hivyo. Moja bila nyingine haitoshi, kwa sababu kampuni haifungwi na ahadi ambayo haikuijua. Katika yote ninayoyaandika hapa, hili ndilo ningeligombania hata kwa gharama ya kuongezewa kodi kidogo.

Kuhusu mzigo wako, kata bima kwa thamani ya mzigo ulionao ukiwa mwingi: mwezi wa Ramadhani, Desemba, kontena likiwa limeingia. Ukipunguza thamani ili ada iwe ndogo, kampuni itakupunguzia na fidia kwa uwiano uleule. Mzigo wa shilingi milioni 100 ukikatiwa bima ya milioni 60, hasara ya milioni 50 inalipwa milioni 30. Inauma, hasa kwa mtu aliyeamini kwamba milioni 50 iko ndani ya milioni 60. Taja pia stoo. Bima inalinda mzigo ulio kwenye anwani iliyoandikwa, na wengi wetu tuna fremu mtaa huu na stoo mtaa wa pili. Shelfu, dari, vioo na viyoyozi ulivyoweka kwa fedha zako navyo mkataba useme ni vya nani na nani anavikatia bima. Nakala za risiti za EFD na za manunuzi ziweke nje ya duka, nyumbani au kwenye simu, maana kampuni itazidai, na zikiwa zimeungua pamoja na mzigo utathibitisha kwa nini?

Lipo pia suala la kodi ya kabla. Kariakoo tunalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na wengine wametoa kilemba juu yake. Fremu ikiwa haifai kutumika kwa moto, maji au amri ya serikali, mkataba useme kodi inasimama tangu siku hiyo na iliyobaki inarudishwa au inasogezwa mbele. Mwenye nyumba anaweza kukata bima ya kupotea kwa kodi, kwa hiyo sharti hili halimtupi. Bila maandishi hayo, utajikuta umelipia kifusi.

Ukishakubaliana naye, usisaini bado. Chukua rasimu, mpelekee broka wa bima. Simwambii mtu aende kwa wakala kwanza, kwa sababu wakala anaiwakilisha kampuni, na broka anamwakilisha mteja. Wote wawili wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuuliza leseni ni haki yako. Mwambie broka: "Nionyeshe kila neno la kipengele hiki linalipwa na ukurasa gani wa bima." Neno lisilo na ukurasa ama linunuliwe nyongeza ama lifutwe kwenye mkataba. Ndipo usaini.

Mwenye nyumba akitaka jina lake liwemo kwenye bima yako ya dhima, cheti hakitoshi. Jina liingizwe kwa nyongeza iliyotolewa na kampuni yenyewe. Na ada ilipwe kabla ya bima kuanza, kwenye akaunti ya kampuni, upewe risiti. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haikulindi, maana bila ada hakuna bima. Kumbuka pia ada hiyo inaongezewa VAT, usije ukapungukiwa siku ya kulipa.

Bima nyingi za biashara ni za mwaka mmoja, na pango linaweza kuwa la miaka mitatu. Andika tarehe ya kuhuisha mahali unapopaona kila siku. Ukibadilisha biashara, ukaanza kuweka magodoro au rangi, au ukifunga duka kwa mwezi mzima, ijulishe kampuni kwa maandishi. Mambo hayo huigeuza hatari waliyokubali kuibeba, na wanaweza kuyatumia kukunyima fidia. Likitokea la kutokea, toa taarifa siku hiyohiyo kwa kampuni, kwa polisi na kwa mwenye nyumba, piga picha kabla ya kusafisha, na usitupe hata kipande kilichoungua mpaka mkadiriaji wa hasara afike. Kampuni ikikukatalia kwa sababu usiyoielewa, dai sababu hiyo kwa maandishi, kisha ipeleke Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima pamoja na mkataba wako wa pango.