Hedhi Ikikatika Wakati wa Njaa

Vikundi vya akina mama vya Lodwar na Kakuma huuliza hivi: mbona wakati wa ukame wanawake wengine hukosa siku zao za mwezi, na mimba hawana? Watu wengine husema ni laana. Msichana husemwa ana mimba kabla hajapimwa, na mke huitwa tasa. Basi tujifunze pamoja mwili unafanya nini.

Homoni ni nini?

Homoni ni wajumbe wa mwili. Mwili huwatengeneza wenyewe na kuwatuma kwa njia ya damu, kama vile mzee anavyotuma kijana kutoka boma moja hadi jingine. Ubongo ndio mzee. Chini yake kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Tezi hiyo ikiamriwa na ubongo, hupeleka ujumbe kwenye vifuko vya mayai vya mwanamke. Yai hukomaa, na vifuko hivyo hutoa estrojeni na projesteroni, homoni zinazotayarisha tumbo la uzazi. Mimba isipoingia, homoni hizo hushuka na hedhi hutoka. Kwa mwanamume ujumbe huenda kwenye korodani, ambazo hutengeneza testosteroni na mbegu.

Kazi yao si uzazi tu. Estrojeni hulinda mifupa. Testosteroni husaidia kujenga misuli.

Njaa inafanya nini?

Mafuta ya mwilini nayo yana mjumbe wake, anayeuambia ubongo akiba imebaki kiasi gani. Mama akila kidogo huku anatembea mbali kila siku kuchota maji, akiba hupungua. Mimba na kunyonyesha vinahitaji chakula kingi. Kwa hiyo ubongo hupunguza ujumbe wake, yai halikomai, na hedhi inakatika. Hapo mwili unajikinga, si laana. Lakini hali hiyo ikiendelea muda mrefu, estrojeni hubaki chini na mifupa hudhoofika.

Mwanamume aliyekonda sana naye testosteroni yake hushuka, na hamu hupungua. Basi mke asilaumiwe peke yake.

Jambo hili lina ushahidi hapa kwetu. Watafiti waliochunguza Waturkana wanaohamahama walichapisha mwaka 1989 kwamba zaidi ya nusu ya watoto walizaliwa kati ya Machi na Juni. Hesabu miezi tisa kurudi nyuma: mimba hizo ziliingia kati ya Juni na Septemba, yaani baada ya mvua za akiporo, maziwa yakiwa yamepatikana. Huenda kuna sababu nyingine pia, lakini chakula kina nafasi kubwa. Sasa fikiria ukame ulioanza mwisho wa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo hadi mwisho wa 2022. Miili ya akina mama ilibeba mzigo huo.

Tusidanganyike

Kukosa hedhi si kinga ya mimba. Yai hutoka kwanza, na hedhi hufuata kama wiki mbili baadaye. Chakula kikirudi, mama anaweza kushika mimba kabla hajaona damu.

Kunyonyesha huzuia mimba vizuri pale tu mambo matatu yanapokuwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, usitegemee tena.

Kikundi kifanye nini?

1. Mama asiwe wa mwisho kula. Katika nyumba nyingi yeye hubaki na mabaki ya sufuria. Chakula kikiwa kidogo, kigawanywe mapema, naye apate sehemu yake. Mwenye mimba na anayenyonyesha waongezewe.

2. Kazi ya maji igawanywe. Wanaume na vijana wabebe mitungi pia. Kikundi chenye punda kiwasaidie walio dhaifu.

3. Aliyekosa hedhi apimwe mimba kwanza. Ikiwa hana mimba wala hanyonyeshi, na miezi 3 imepita, aende zahanati au hospitali. Kukonda na kukosa hedhi huweza pia kuletwa na kifua kikuu au ugonjwa mwingine unaotibika. Msichana wa miaka 15 ambaye hajaanza hedhi naye aonwe na daktari.

4. Msichana asisemwe kisimani. Mama au shangazi yake ampeleke kupimwa kwa siri na heshima.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika boma lako, nani hula kwanza na nani hula mwisho? Kwa nini?
2. Wakati wa akamu, mama hubeba maji mara ngapi kwa siku? Nani anaweza kumsaidia?
3. Je, kuna mwanamke aliyeitwa tasa wakati shida yake ilikuwa njaa? Kikundi kitamsaidiaje?