Dalili za mchwa nyumbani na stoo: usisubiri mpaka mlango udondoke

Leo tuache shamba kidogo, tuangalie nyumba. Wengi wenu stoo yenu ni chumba kimojawapo cha nyumbani, kwa hiyo mchwa akiingia ndani, ameingia kwenye mtaji.

Nianze na kosa langu. Kuna kijana wa Mikumi nilimshauri ahifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, auze bei ikipanda. Mwezi wa saba nikapita kwake, nikaona mstari wa tope ukutani nyuma ya mifuko. Nikajua ni uchafu tu, nikanyamaza. Jamani, mwezi wa saba hakuna mvua, tope limetoka wapi? Mwezi wa kumi na mbili tulipofungua, mifuko ya chini ilikuwa imetobolewa. Mchwa walikula mahindi kidogo tu. Hasara kubwa ililetwa na yale matundu: hewa iliingia, dumuzi wakapumua, wakazaana. Punje zikawa unga.

Basi tujifunze dalili.

1. Vijia vya udongo. Vina unene kama wa penseli, vinapanda kwenye msingi, ukuta, nguzo au fremu ya mlango. Mchwa hapendi mwanga wala ukavu, ndiyo maana anajenga njia yake iliyofunikwa. Bomoa kipande, rudi baada ya siku mbili tatu. Kikiwa kimezibwa, wapo kazini. Kisipozibwa usishangilie, huenda wamehamia njia nyingine.

2. Mbao inayolia tupu. Mchwa anakula ndani, anaacha ganda la nje na rangi yake. Gonga fremu, kenchi na nguzo kwa mpini wa bisibisi, kisha chomeka ncha yake. Ikizama kirahisi, ndani hakuna kitu.

3. Mabawa sakafuni. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, hutoka mvua zikianza kwenda kuanzisha koloni jipya. Kuwakuta kwenye taa ya nje ni kawaida. Ila ukikuta rundo la mabawa ndani ya chumba kilichofungwa, chunguza nyufa za sakafu. Usichanganye na sisimizi wenye mabawa: sisimizi ana kiuno chembamba na mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi kiuno hakijabana, na mabawa yote manne yanalingana.

4. Udongo mbichi chini ya vitu. Inua boksi, mkeka, gunia la chini kabisa. Hapo ndipo wanapoanzia.

Ukiwaona ufanye nini?

Toa mazao kwanza, kagua mfuko mmoja mmoja. Uliotoboka usiurudishe, hamishia mahindi kwenye mfuko mzima. Panga mifuko juu ya chaga iliyowekwa kwenye matofali, iache ukuta kiasi cha wewe kupita na tochi. Ondoa kuni na mabua yaliyoegemezwa ukutani, ziba bomba linalovuja. Kichuguu kikiwa karibu, kukikata juu tu hakusaidii. Malkia akibaki, wanajenga tena.

Dawa ni sawa, ila iwe iliyosajiliwa na TPHPA kwa kazi hiyo, na usome lebo. Tafadhali, dawa ya shambani usipulizie chumba chenye chakula au mnapolala.

Zoezi la leo: jioni hii chukua tochi na bisibisi, zunguka nyumba nzima. Ni dakika ishirini tu. Mimi siku hizi nikiingia stoo ya mkulima, nauliza hali ya mahindi baadaye. Naanza na ukuta.