Alipelekwa na Nani? Siri, Faragha na Amana katika Kuomba Nyaraka za Wahenga wa Kebirigo

Makala hii imezaliwa na kitenzi kimoja. Kila nilipomwuliza nyanya yangu, mkazi wa Kebirigo huko Mugirango Magharibi, kuhusu baba yake mzazi, jibu lilikuwa lile lile: "Alipelekwa." Alikuwa kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, jirani zetu, kabla Kebirigo haijapata kiwanda chake yenyewe. Katika miaka ya 1950 akaanguka kazini, pengine kwa kifafa, pengine kwa maradhi mengine, akapelekwa hospitali ya serikali iliyokuwa mbali na Gusii, hakurudi. Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja kwamba hii ni kauli ya kutendwa, na kwamba kauli hiyo ina ukarimu wa kumwachilia mtenda aende zake bila kutajwa. Alipelekwa na nani? Kwa amri ipi? Alizikwa wapi?

Swali la mwisho si dogo kwa Abagusii, ambao kwao mtu huzikwa bomani mwake. Nyanya amepita umri wa miaka 80, na hataki mengi. Anataka kujua ni udongo upi uliomlaza baba yake. Jibu, kama lipo, limo katika jalada la hospitali, na jalada hilo halifunguliwi kwa kubisha hodi tu. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mvutano kati ya jamaa na taasisi zinazoshikilia nyaraka za wahenga wao ni mvutano wa lugha kwa kiasi kikubwa, na kwamba msomi wa Kiswahili ana la kufanya hapo.

Kitenzi cha nyanya si chake peke yake. Mnamo Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, afisa wa utawala wa Kiingereza huko Kisii. Masimulizi yanasema aliyemtia shime ni Moraa wa Ngiti, mtabiri na mganga. Northcote alinusurika, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong (1937–1941). Wanajeshi wa King's African Rifles walitumwa kuwaadhibu Abagusii. Nyumba zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Inasimuliwa pote Gusii kwamba Otenyo aliuawa, na kichwa chake "kikapelekwa" Uingereza. Kauli ni ile ile ya kutendwa. Maisha ya Northcote yanafuatika tarehe kwa tarehe, cheo kwa cheo. Wanaomtafuta Otenyo wamebaki na masimulizi na kitenzi kisicho na mtenda.

Majina yaliyopotea njiani

Kabla ya kuomba jalada sharti mtu ajue limeandikwa kwa jina gani, na hapa isimu inasaidia kuliko uanasheria. Anayetafuta "Nyamira" katika nyaraka za kikoloni zilizomo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, hatapata mengi. Wilaya ilikuwa South Kavirondo, baadaye South Nyanza, kisha Kisii. Nyamira ilitengwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu wenyewe huandikwa Kisii, Gusii, na pengine Kosova.

Majina ya watu yana taabu zaidi. Ekegusii kina irabu saba, Kiswahili na maandishi ya Kirumi yana tano. Kwa hiyo karani aliyesikia aina mbili za "e" na aina mbili za "o" aliandika moja moja. Kiambishi cha mwanzo huandikwa leo na kuachwa kesho. Nilipoorodhesha namna ambazo jina la baba yake nyanya lingeweza kuandikwa na karani asiye Omogusii, nilipata tisa. Nilimsomea nyanya orodha hiyo. Alicheka katika ile ya tano, akasema huyo ni mtu mwingine kabisa, tena mwizi wa mbuzi.

Siri, faragha na amana

Nilipofika katika hospitali inayohusika (sitaitaja, maana karani aliyenijibu hakuwa na ubaya), niliambiwa: "Hizo ni siri za mgonjwa." Mlango ukafungwa kwa neno moja. Hebu tulitazame neno hilo pamoja na jirani zake wawili.

Siri ni jambo linalofichwa wengine wasilijue. Mkazo wake upo kwenye kuficha, na haijalishi anayefaidika ni nani. Faragha, ambayo asili yake ya Kiarabu inabeba maana ya utupu na nafasi, ni wigo unaomzunguka mtu ili asiingiliwe. Mwenye faragha ni mtu; mwenye siri anaweza kuwa mtu, ofisi au dola. Amana ni kitu cha mwenyewe kilichowekwa kwa mwingine, na anayekishika hukishika kwa niaba tu. Karani alisema "siri" akikusudia faragha. Mimi nilikuwa nimekwenda kudai amana. Hatukuwa tukizungumza jambo moja.

Tofauti hii haiishii katika kamusi. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeyahifadhi huko Hanslope Park majalada yaliyoondolewa katika makoloni wakati wa uhuru: takribani 8,800 kutoka makoloni 37, yakiwemo kama 1,500 ya Kenya. Kwa nusu karne yalikuwa siri katika maana kamili ya neno, na hayakuwa yakilinda faragha ya mteswa yeyote. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Majalada hayo sasa yako Kew, katika hifadhi ya taifa ya Uingereza. Mzee aliyeandikwa humo bado angehitaji nauli ya ndege ili ajisome.

Hata hivyo, nisimdhulumu karani. Faragha ipo, na katika ukoo wetu ina mtetezi: kaka mdogo wa nyanya. Yeye hataki jalada lifunguliwe. Hoja yake ni kwamba jina la ugonjwa likishaandikwa katika karatasi litawafuata wajukuu, na siku ya posa watu watauliza kama kuna kifafa katika ukoo. Msomi anaweza kubeza hoja hiyo. Aliyewahi kuona uchumba ukivunjika kwa mnong'ono hawezi. Nami nakiri kwamba sijapata jibu linalomtosha.

Barua

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu wake, na mna jambo humo ambalo lingefaa kubandikwa katika mlango wa kila idara ya Kiswahili: ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa. Ofisi ya umma hutakiwa kuamua ndani ya siku 21, muda unaoweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Ikikataa, mwombaji anaweza kuitaka Tume ya Haki ya Utawala iupitie uamuzi huo. Sheria hiyo hiyo inakataza kuingilia faragha ya mtu pasipo sababu, lakini inaongeza kwamba habari iliyoshikiliwa kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa haizuiliwi, mpaka taasisi ithibitishe vinginevyo. Jalada la miaka ya 1950 limeuvuka mpaka huo zaidi ya mara mbili.

Nilimwandikia nyanya barua. Rasimu ya kwanza ilijaa "ningependa kuomba kwa unyenyekevu" na "iwapo itawezekana". Ilikuwa ya kutumwa na mtu anayeomba msaada. Tena ilirudia kosa la "alipelekwa". Rasimu iliyotumwa, baada ya anwani na majina yote tisa, ilisema hivi:

"Mimi ni binti wa mtu huyo. Hospitali yenu ilimpokea katika miaka ya 1950 akitoka Kericho. Naomba mnieleze: nani alimleta, daktari alimkuta na nini, alifariki lini, na nani alimzika na wapi. Ikiwa jalada lake halipo, naomba mniandikie kwamba halipo, na mnieleze lilikokwenda."

Kila kitenzi kina mtenda wake, na pale asipojulikana anaulizwa. Sentensi ya mwisho inahitaji uangalifu wa pekee: jalada huenda liliteketezwa zamani, na jibu hilo likiandikwa na kupigwa muhuri lina faida kuliko la mdomo, kwa kuwa laweza kupelekwa mbele ya Tume.

Nyanya aliweka kidole chake chini ya barua. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ameifunga katika kitambaa pamoja na kitambulisho chake. Ninapoandika haya siku 21 hazijaisha.

Kaka yake alikuja wiki iliyopita akauliza jambo moja tu: jibu likija, nani atalisoma kwanza? Swali hilo linanihusu kuliko alivyodhani. Jalada litakuwa la Kiingereza cha madaktari wa miaka ya 1950, na mfasiri nitakuwa mimi. Nyanya alimjibu kwamba atasomewa yeye kwanza, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba nisiruke neno. Kisha ataamua yeye ni maneno yapi yatatoka nje ya chumba hicho.