Kuahirisha Kuandika: Mafunzo Niliyopata

1. Nafasi haiji yenyewe. Wengi wetu tunaotaka kuandika tuna ajira, na tunangojea likizo. Shaaban Robert hakungojea. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akaanzia idara ya forodha, na katika maisha hayo ya ofisini alituachia mashairi, insha, riwaya na wasifu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mutharabaini mwaka 1978 akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, juu ya karatasi za chooni. Sisemi mateso yana faida kwa mwandishi, hayana. Ninachosema ni kwamba saa moja ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, ni nafasi ya kutosha, nami sasa naitumia hiyo.

2. Tunachokiita uvivu mara nyingi ni woga. Nilipojichunguza niliona kuwa siku ninazokwepa meza ni zile ambazo sehemu inayofuata ni ngumu: mama na binti wa hadithi yangu wanapaswa kugombana, nami sijajua nani ana haki. Nikikaa kungoja nijue, mwezi unapita. Nikiandika ugomvi huo vibaya, kwa kalamu, kwenye daftari la shule, bila kufuta neno, ghafla binti anasema jambo ambalo sikulitarajia, na hapo ndipo hadithi ilipo. Rasimu ya kwanza haina msomaji. Ina haki ya kuwa mbovu.

Lipo jambo jingine linalosaidia hapa. Ernest Hemingway alieleza kwamba alikuwa akisimamisha kazi pale anapojua kitakachofuata. Nimelijaribu na limenifaa mno: kesho yake naanza na sentensi niliyolala nayo.

3. Utafiti una mpaka. Ukitaka kujua nauli ya treni ya Tanga ya zamani, weka alama pembeni, endelea. Utaitafuta baadaye.

4. Simu ikae chumba kingine.

5. Tafuta tarehe ya mwisho iliyowekwa na mtu mwingine. Hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyomleta mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji, ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kabla ya kuchapishwa. Leo tuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tanzania ina Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Watu huzungumzia fedha za tuzo hizi. Kwa mwandishi anayeanza, mimi naona zawadi kubwa ni ile siku ya kufunga dirisha la kupokea miswada. Inakulazimisha uwe na mswada uliokamilika, ushinde usishinde.

6. Na pasipo shindano, mpate msomaji mmoja anayengoja. Wangu ni shangazi, mwalimu mstaafu. Nilimpa sura ya kwanza, nikakaa kimya. Siku moja akanipigia, hata salamu hazijaisha: "Mwanangu, yule Mwajuma umemwacha stendi na mtoto mgongoni mpaka lini? Usiku unaingia pale." Hakuna ratiba niliyojipangia iliyowahi kunisukuma kama swali hilo. Kabla wiki haijaisha Mwajuma alikuwa amepanda basi, na shangazi alikuwa na kurasa zake.