Somo: Kuba la Mapenzi na Haki ya Maiti

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Amma baad. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa mapenzi ya mume na mke ni neema ya Mwenyezi Mungu, wala mauti hayayakati. Lakini yampasa aliyependa ajue ni lipi limfaalo maiti, na ni lipi liwapendezalo walio hai tu.

Mtu mmoja wa Same alifiwa na mkewe, akamzika katika makaburi ya Waislamu wote chini ya milima ya Upare. Baadaye akasafiri Bara Hindi kwa biashara, akafika Agra, akaliona jengo la Taj Mahal. Aliporudi alimwendea mwalimu wake, akasema: "Maalim, nataka kumjengea marehemu kuba juu ya kaburi lake, japo dogo. Shah Jahan alimjengea mkewe. Je, mimi sikumpenda wangu?"

Maalim akajibu: "Mwanangu, kwanza lifahamu ulilolitazama."

KHABARI YA JENGO. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 katika mji wa Burhanpur, akizaa mtoto wake wa 14. Mumewe, Shah Jahan, alipata kiwanja kando ya mto Yamuna kwa kubadilishana majumba na Raja Jai Singh. Kazi ilianza mwaka 1632, ikachukua kama miaka 20. Marmar nyeupe ililetwa kutoka Makrana, na langoni imeandikwa Suratul Fajr, imwitayo nafsi iliyotulia irejee kwa Mola wake. Makaburi ya marmar ayaonayo mgeni chini ya kuba ni alama tu. Miili imezikwa katika chumba cha chini. Mwaka 1658 Shah Jahan alipokonywa ufalme na mwanawe Aurangzeb, akafungwa katika ngome ya Agra hata akafa mwaka 1666, akazikwa ubavuni mwa mkewe.

HUKUMU YA KUJENGA. Mtume (s.a.w.) alikataza kulipaka kaburi chokaa na kujenga juu yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema: katika ardhi ya mtu mwenyewe ni makuruhu, ama katika makaburi yaliyowekwa kwa watu wote ni haramu, na jengo hubomolewa, kwani huwabana maiti wengine. Alama ya jiwe yatosha, kama Mtume alivyoweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un.

HUKUMU YA KUZURU. Kuzuru makaburi kulikatazwa kwanza, kisha kukaruhusiwa, kwa sababu hukumbusha Akhera. Basi mwenye kufika Agra na awasalimu waliozikwa na kuwaombea, wala asilizunguke kaburi kama Kaaba, wala asimwombe maiti haja.

Yule mtu akasema kwa huzuni: "Basi Maalim, sina la kumfanyia?"

Maalim akamwambia: "Bibi Khadija alipofariki, Mtume hakumjengea kuba. Alikuwa akichinja kondoo, akawapelekea nyama rafiki za Khadija. Na Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake, alimtolea sadaka ya maji. Nikuulize: marehemu hakuacha deni?"

Yule mtu akainamisha kichwa, kwani lilikuwako deni la jirani, naye alikuwa amekwisha kuhesabu gharama ya mawe na chokaa kabla ya kulikumbuka.

"Lipa hilo kwanza," akasema Maalim. "Kisha ndiva ya kijijini kwao, ikusanyayo maji usiku na kufunguliwa asubuhi yaende mashambani, ukuta wake umebomoka. Utengeneze, uutolee sadaka kwa ajili yake. Kila shamba litakaponyweshwa, inatarajiwa thawabu imfikie alipo."

Basi zingatia, ewe msomaji. Kuba huonyesha mapenzi ya aliyejenga. Deni lililolipwa, dua na sadaka yenye kudumu humfaa aliyependwa. Mwenye kumpenda maiti wake na aanze na haki zake.

Wallahu aalam.