Kabla Hujaitwa Kumsomea Mjamzito



Ndugu zangu, sisi tunaosoma masomo ya dini tuna jambo ambalo wenzetu wa udaktari hawana: mtu akianza kukakamaa mtaani, mara nyingi tunaitwa sisi kwanza. Likizo iliyopita, nyumbani Buyenzi, Bujumbura, niliitwa kumsomea shemeji yangu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Kichwa kilikuwa kimemuuma siku mbili, uso umevimba, macho yanaona vimulimuli. Wakubwa wakasema ni jini. Nikasoma Ayatul Kursiyyu, nikasoma Muawwidhatayn, saa nzima. Akaanza kutetemeka na kupoteza fahamu nikiwa bado nasoma. Hospitalini alinusurika, alhamdulillah. Mtoto hakunusurika.

Ule ulikuwa kifafa cha mimba. Jina linapotosha, maana si kile kifafa cha kawaida. Ni presha inayopanda baada ya wiki ya 20. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma: mishipa inayolipelekea damu haikutanuka ipasavyo, kisha madhara yanaenea kwenye figo, ini na ubongo wa mama. Kipimo kikifika 140/90, hiyo ni presha. Kikifika 160/110, ni dharura. Mkojo nao hupimwa kama una protini. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni mama anaweza asihisi chochote.

Baadaye niliuliza, nikakuta dalili za hatari zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mimba ya kwanza yenyewe ni moja. Ya pili, mama yake mzazi aliugua hivyo hivyo alipombeba yeye, na ugonjwa huu hufuata ukoo, kwa mama au dada. Wengine walio hatarini ni aliyewahi kuupata, mwenye mapacha, aliyepita miaka 35, mnene kupita kiasi, mwenye sukari, ugonjwa wa figo au presha ya zamani, na aliyekaa zaidi ya miaka 10 bila kubeba mimba. Lakini humpata hata asiye na lolote kati ya hayo, ndiyo maana wote hupimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza ndani ya wiki 12. Shemeji alikwenda mara moja tu. Aliye hatarini sana daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya kiwango kidogo mapema. Asijinunulie mwenyewe dukani.

Kuna atakayesema huku ni kupunguza tawakkul. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaamuru wajitibu, wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.). Ruqya ni haki, siikatai. Ila hakuna dalili ya kisheria kwamba lazima isomewe sebuleni huku gari limesimama nje.

Siku hizi nikiitwa nauliza kwanza: ana mimba ya miezi mingapi, au amejifungua ndani ya wiki 6? (Ndiyo, huja hata baada ya kujifungua.) Kichwa kinauma bila kutulia? Macho yana ukungu? Anaumwa juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia? Nikisikia ndiyo moja, tunakwenda hospitali. Kusoma nasoma njiani.